Kila Mtu na Tundu Lake

Jumapili, 2 Machi

Kila asubuhi mkamwana wangu ananiuliza swali lile lile: "Mama, umelalaje? Joto au baridi?" Nami kila asubuhi namjibu kwamba nimelala salama. Ukweli wenyewe nauweka hapa, maana mtu akifika umri wangu anahitaji mahali pa kusemea bila kukatizwa. Miaka yote ya kazi nilikuwa opereta wa simu, naunganisha maneno ya watu wengine. Sasa ni zamu yangu.

Ukweli ni kwamba nimelala baridi.

Nyumba hii ameichora yeye, na watu wanakuja kuipiga picha. Kuta ni za udongo ulioshindiliwa, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa dirishani na miguu isitokeze nje. Zimepakwa chokaa tu, hakuna rangi. Kiyoyozi hakuna hata kimoja, na hapo ndipo watu wanapocheka, kwa sababu mume wake, mwanangu wa mwisho, ni fundi wa viyoyozi. Mchana kutwa anawawekea watu baridi, jioni anarudi kwenye nyumba ya mke wake inayojipoza yenyewe. Wenzake kazini wanamwambia ameoa mpinzani wa biashara.

Inavyojipoza ni hivi. Chini, karibu na sakafu, kuna matundu yenye wavu, kila chumba na lake. Juu kabisa, katikati ya paa, kuna kibanda kidogo chenye mbao za kupishana, sisi tunakiita kofia. Hewa ya baridi inaingia kwa chini, ile ya joto inapanda na kutokea kwenye kofia. Mkamwana alinieleza haya akiwa na kalamu mkononi, akichora mishale, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama nilivyokuwa nikiwaitikia mameneja.

Tundu la chumba changu liko chini ya kitanda. Linanipuliza magoti usiku kucha.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Chiriku ametoka uwanjani na kikombe cha plastiki, akaikinga, akauliza: "Bibi, hii mvua ya nani?" Nikamwambia ya kwake. Akainywa yote, kisha akaomba nyingine.

Chiriku ni mjukuu wangu. Ana jina lake zuri la kwenye cheti, lakini hili la ndege ndilo lililomkaa, maana hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Ana chumba chake kilichojaa midoli lakini halali humo. Analala na mimi. Ana pumu pia, ameirithi kwa marehemu babu yake, na ndiyo hasa iliyofanya mama yake aichore nyumba hii, kumtoa kwenye ile ya kupanga iliyokuwa imebanana na gereji ya magari. Tulihamia wakati wa jua. Kwa miezi yote ya jua dawa yake ya kuvuta ilikaa kabatini mpaka ikashika vumbi.

Hilo nalikubali. Sina ubaya na mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeliziba tundu langu.

Nimechukua sweta langu la zamani la kazini, nikalikunja, nikaingia chini ya kitanda kwa tumbo kama mwizi, nikalisukumiza mpaka likakaa. Nimefanya hivyo Chiriku akiwa shuleni, maana siri kwake haikai. Magoti yangu ni jambo langu, ningevumilia. Lakini mtoto analala pembeni yangu, na baridi ndiyo inayoingia kifuani. Hilo halihitaji shule. Mama yangu alijua, na mama yake pia alijua.

Ni tundu moja tu. Nyumba ina matundu tele, hewa ikikosa hapa itapita kwingine.

Jumatano, 12 Machi

Mkamwana ameuliza. Nimejibu salama, na safari hii sikudanganya.

Jumamosi, 15 Machi

Wageni watano, wote na viatu safi. Walikuwa watu wa ofisini kwake na wengine wanaotaka kujengewa nyumba za namna hii. Mkamwana amewatembeza, amewaonyesha ukuta, amewaambia waweke kiganja wauguse, nao wakaweka kiganja na kutikisa vichwa. Ikaja mvua ya upepo. Tukiwa tumekaa sebuleni tunakunywa chai, maji yakaingia kwa kofia na kuteremka ukutani, mchirizi mrefu wa kahawia kwenye chokaa nyeupe, mbele ya macho yetu wote.

Mgeni mmoja akauliza: "Na hii ni sehemu ya mchoro?"

Wakaangua kicheko, na mkamwana akacheka nao. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Aliacha chai yake nusu, akaweka kikombe chini. Sikumwonea huruma sana, niseme kweli. Nilijisemea, na wewe ujue kuaibika kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Mkamwana amepanda paani mwenyewe na ngazi. Ameshuka akisema amerekebisha. Sikumuuliza amerekebisha nini.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Dada, msichana anayetusaidia kazi, amefunga kamba kutoka jikoni mpaka mwisho wa korido, na sasa tunapita tumeinama chini ya mashuka na sare za shule. Mkamwana amerudi jioni, shati la mumewe limempiga usoni.

"Dada, nguo zisianikwe ndani. Zinatoa maji hewani."

"Nikaanike wapi, mama?"

Mkamwana ametazama huku na huku. Nyumba ina mahali pa kuvuna maji ya mvua, pa kuotesha mboga, pa kuegesha baiskeli. Pa kuanikia nguo wakati wa mvua hakuna. Nimenyamaza, lakini nimenyamaza kwa furaha.

Alhamisi, 20 Machi

Chiriku anakohoa kidogo. Mafua ya shuleni.

Jumamosi, 22 Machi

Mwanangu ameburuta kabati la viatu kutoka mlangoni, akaliegemeza kwenye ukuta wa korido. Nimemuuliza kulikoni. Amesema linakaa vizuri pale. Tangu nimzae, mwanangu hajawahi kujali kitu kinakaaje.

Jumatano, 26 Machi

Kikohozi hakikuwa cha shuleni. Asubuhi kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Mimi nimeishi na masikio, najua sauti ya laini iliyo safi na iliyo na kasoro, na hii ilikuwa na kasoro. Dawa ya kuvuta imetoka kabatini.

Tumekwenda kwa daktari wote watatu, mimi, mkamwana na mtoto. Daktari ni mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akauliza kama tunapikia mkaa ndani. Hapana. Kama kuna anayevuta sigara, kama kuna paka. Hapana. Akauliza: "Ukungu ukutani? Unyevu? Nyumba inapitisha hewa?"

Mkamwana akajibu upesi, kama mtu aliyetukanwa: "Nyumba yangu inapitisha hewa, daktari. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Mimi nikaangalia bango la chanjo.

Ijumaa, 28 Machi

Mkamwana ametundika sebuleni kifaa cha kupima unyevu. Anakisoma asubuhi, anakisoma jioni, anakigonga kwa kidole, anakunja uso. "Haiwezekani," anasema. Kifaa hakimjibu.

Jumatatu, 31 Machi

Viatu vyangu vya kutokea vimeota ukungu wa kijani. Mkoba pia. Nimevifuta na siki na kuvirudisha chini ya kitanda.

Mwanangu amerudi mapema, tumekunywa chai wawili tu. Nikamwambia: "Udongo ni udongo. Nyumba ya udongo inakunywa mvua." Akasema: "Mama, si nilimwambia? Tofali la saruji, madirisha ya kufunga, kiyoyozi kimoja, basi. Akaniona mshamba." Tukamsema mkamwana mpaka chai ikapoa. Nilifurahi sana, maana ni muda mrefu mwanangu hajakaa na mimi hivyo. Mke wake alipoingia getini tukageuza mazungumzo, tukaanza kuzungumzia bei za mabati.

Jumamosi, 5 Aprili

Wamegombana. Sikusikiliza mlangoni. Katika nyumba hii yenye uwazi juu ya kila mlango huhitaji kwenda mlangoni.

"Wiki hii amekosa shule siku ngapi? Nyumba yako inamuua mtoto."

"Usiseme hivyo. Tena usirudie kusema hivyo."

"Basi niambie ni nini. Wewe ndiye mtaalamu."

Nikasikia kiti kikiburutwa. Mwanangu akasema, kwa sauti ya chini ambayo ndiyo ya kuogopa: "Akizidiwa mara moja nyingine, anakwenda kwa dada yangu. Nimeshaongea naye."

Dada yake ni binti yangu mkubwa. Anaishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, kwenye nyanda kavu ambako mvua ni habari ya kusikia. Ni mwema, angemlea vizuri. Hata hivyo sikutaka. Nitafanya nini humu ndani mchana kutwa bila Chiriku? Nitaongea na nani, kifaa cha unyevu?

Baada ya hapo nimefanya jambo. Nimekunja taulo na kuliongeza kwenye tundu langu, juu ya sweta, ili baridi isipate hata upenyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi nimeomba kwa muuguzi, nitaibandika nikirudi.

Jana mchana mvua ilishuka kama inagombana na paa. Umeme ukakatika. Chiriku hakwenda shule, alikuwa na mimi kitandani, tumejifunika, namsimulia habari za meneja wetu mmoja aliyekuwa akijipigia simu mwenyewe ili aonekane ana shughuli. Alikuwa anacheka. Kisha cheko likakatika katikati. Nikadhani anatania, kwa sababu yeye ni wa kutania. Nikageuka nikaona mabega yanapanda na kushuka, na shimo la shingoni linazama kila akivuta pumzi.

Dawa ya kuvuta, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuna. Filimbi ya kifuani ikapungua, na mtu asiyejua angefurahi. Mimi nilijua. Laini ikinyamaza ghafla si kwamba mazungumzo yamekwisha.

Nikamwita dada. Nikampigia mwanangu, yuko juu ya ghorofa la watu na mashine mgongoni, hapokei. Nikampigia mkamwana. Akapokea mara moja. Sikusema salamu, nilisema tu: "Mtoto hapumui." Akasema: "Mama, mkalishe, asilale. Mvue nguo za shingoni. Nakuja." Hakulia, hakuuliza mara mbili. Gari la jirani lilitutoa, dada mbele, mimi nyuma nimempakata, na mkamwana alitukuta kwenye mlango wa hospitali amelowa mpaka nywele, amekuja kwa miguu kutoka pale foleni ilipokwama. Alimchukua mikononi mwangu akakimbia naye ndani. Kiatu chake kimoja kikamvuka mguuni, kikabaki mlangoni. Nilikiokota.

Walimwekea kifuniko cha mvuke puani. Chiriku akatutazama juu ya kile kifuniko kwa macho makubwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema. Hapo ndipo nililia. Mkamwana alikaa sakafuni karibu na kitanda, ameshika kidole gumba cha mguu wa mtoto, hakukiachia mpaka jioni.

Mwanangu alifika na sare ya kazi, mikono myeusi. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kuingia. Kisha akasema, bila kumwangalia mkewe: "Jumamosi ijayo dada yangu anakuja kumchukua."

Mkamwana akatikisa kichwa kukubali. Nilitamani angebisha.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumeruhusiwa. Daktari amesema maneno yale yale: hewa, unyevu, ukungu, tafuteni. Leo mkamwana ameyaandika yote kwenye karatasi.

Jumapili, 13 Aprili

Mtoto analala kwa jirani mpaka shangazi yake aje, nyumba ile haina mvuke wa nguo mbichi. Kitanda changu kimekuwa kipana mno.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo ni siku ndefu, nitaandika mpaka mkono ukatae.

Nimekwenda kutoa begi la Chiriku chini ya kitanda nimpangie nguo. Begi likaja na unga mweusi. Nikachukua tochi, nikainama. Ukuta nyuma ya kitanda, kuanzia kwenye sweta langu mpaka usawa wa mto wa mtoto, ulikuwa mweusi wenye manyoya. Mto wake! Pua ya mtoto ilikuwa inalala kiganja kimoja kutoka pale.

Nilikaa sakafuni. Nilichojua ni kwamba mimi ndiye niliyemfanya hivi mtoto wangu mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa sababu ya akili nyingi.

Nikalivuta taulo, nikalivuta sweta. Limelowa, linanuka. Nikangoja upepo unipulize usoni kama zamani. Haukuja. Nikachana kipande cha karatasi laini ya chooni, nikakishika mbele ya tundu. Kilining'inia tu, hakikutikisika. Nje upepo ulikuwa unaitikisa miti, naiona dirishani, lakini kwenye tundu hakuna kitu. Nikasema hapana. Hii nyumba ilikuwa inanipuliza magoti mpaka yanauma. Kama tundu liko wazi na hewa haiingii, basi kuna mahali inapozuiwa kutoka.

Nikasimama, nikaanza kuzunguka na karatasi yangu kama mkaguzi.

Jikoni, tundu liko nyuma ya ndoo. Limejazwa mifuko ya plastiki, imesokotwa vizuri kabisa. Dada alikuwa anamenya viazi. Akaniona nimeinama, akaacha kumenya.

"Bibi, nisamehe. Mjusi aliingia akanipandia mguuni. Na nikaona pia upepo unazima jiko. Nikasema ni tundu moja tu, hayo mengine yapo."

Moja tu. Nikamwambia alete nguvu zake tusukume kabati la viatu kule korido. Tukasukuma. Nyuma yake tundu limezibwa kwa sponji ya rangi ya fedha, ile inayofungwa kwenye mabomba ya viyoyozi, imekatwa kwa kisu kikali, imekaa sawasawa bila hata upenyo. Kazi ya fundi. Sikuhitaji kumuuliza mtu ni ya nani. Na ukuta nyuma ya kabati ni mweusi vile vile.

Jioni nimewaita mezani wote. Nimemwambia dada naye akae, asisimame mlangoni. Mkamwana alikuwa na macho mekundu, mwanangu anaangalia simu. Nikaweka sweta mezani. Linachuruzika.

"Hili ni langu," nikasema. "Nililitia kwenye tundu la chumbani kwangu tangu mvua ilipoanza. Mtoto alikuwa analala hapo."

Mwanangu akaacha simu. Dada, Mungu ambariki, akaweka mifuko yake bila kuambiwa. Kisha mimi nikaweka sponji. Mwanangu akaitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa anachezea pale chini kwenye korido," akasema. "Upepo unampiga mgongoni. Mama, mimi nilidhani... ni moja tu."

"Wote tulidhani ni moja tu."

Nikamgeukia mkamwana ili anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilistahili, tena ningeitikia ndiyo. Hakunitukana. Alikuwa anatazama vile vitu mezani, kimoja kimoja. Akasimama, akatoka nje kwenye manyunyu. Tukasikia ngazi. Tukasikia nyundo. Mwanangu akataka kumfuata, nikamshika mkono.

Alirudi amebeba kipande cha plaiwudi kilicholowa, misumari bado imo. Akakiweka mezani juu ya vyetu vyote.

"Nilifunga kofia," akasema. "Siku ile baada ya wageni. Niliona haya. Nikasema nitaibana kwa muda mpaka mvua ipungue, matundu ya chini yatatosha." Akakaa. "Daktari aliniuliza mbele ya mama. Nikamjibu kwamba nyumba inapitisha hewa. Huku najua nimeifunga mdomo mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako," nikamwambia. "Nikaangalia bango la chanjo."

Akanitazama. Sidhani kama tangu aolewe aliwahi kunitazama hivyo, bila adabu ya mkwe, mtu kwa mtu. Kisha akaanza kulia, na kwa mshangao wangu akalilia begani mwangu badala ya kwa mumewe. Ni mwembamba kuliko nilivyofikiri. Mwanangu alisimama pale anaikunja na kuikunjua ile sponji yake. Mwisho akasema: "Nilikuambia nyumba yako inamuua mtoto." Sote tulisikia kwamba alikuwa anaomba radhi.

Dada ndiye aliyetukomboa. Akauliza: "Sasa huyo mjusi je?"

Tulicheka mpaka ikawa aibu.

Jumanne, 15 Aprili

Nilidhani mambo yamekwisha, mtoto atabaki. Mkamwana amempigia daktari, amemweleza yote bila kujificha, pamoja na plaiwudi. Daktari amesema: ukuta ukauke kwanza, usafishwe, ukae mwezi bila ukungu, ndipo mtoto arudi. Kwa hiyo anakwenda, hata sasa tunapojua. Tena mkamwana mwenyewe ndiye aliyesema anakwenda.

Jumamosi, 19 Aprili

Amekwenda. Shangazi yake alimfunga mkanda wa kiti akawa anauliza dereva ana watoto wangapi. Hakulia hata kidogo. Basi lilipogeuka kona alikuwa anaongea na abiria wa nyuma.

Jumatano, 23 Aprili

Tumesugua kuta, mdomo umefunikwa kitambaa, mkamwana chumbani kwangu na mwanangu korido. Chokaa ya zamani imekwanguliwa, mpya imepakwa. Godoro la mtoto limetupwa.

Jumapili, 27 Aprili

Mwanangu amepanda paani na mkewe. Wamerefusha mbao za kofia ziinamie chini ili maji yasiingie hata kwa upepo, na amefunga wavu mpya wa macho madogo wa kuzuia mijusi kwenye kila tundu. Yeye anashika, mke anaelekeza, kisha wanabadilishana. Nimewasikia wakibishana kuhusu pembe ya ubao kama watu wanaopendana.

Nimeweka karatasi mbele ya tundu langu. Inacheza.

Jumatano, 30 Aprili

Baridi. Nimevaa soksi mbili.

Jumapili, 4 Mei

Kibanda cha kuanikia kimekwisha, paa la bati na nguzo nne nyuma ya jikoni. Mkamwana alimpa dada kalamu aonyeshe kamba zikae wapi, na dada akachora mishale.

Ijumaa, 9 Mei

Chiriku amepiga simu. Ameongea mpaka salio la shangazi yake likaisha. Hakuniuliza lini atarudi, ameniuliza tu kama nimempata mtu mwingine wa kumsimulia.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi mkamwana ameuliza: "Mama, umelalaje?" Nimemwambia: "Baridi. Magoti yananiuma na nimekosa usingizi." Amefurahi utadhani nimempa zawadi. Jioni amekuja na futi ya kupimia, tumeinua kitanda changu tukakisogeza upande wa pili, mbali na tundu. Bado kuna baridi, ila sasa tunaizungumza.

Jumamosi, 24 Mei

Amerudi! Ameongezeka urefu na maneno. Daktari amempima asubuhi, kifua safi. Amekagua vyumba vyote, amekuta godoro jipya kwenye chumba chake, akatangaza kwamba midoli ndiyo italala huko na yeye yuko kwa bibi. Mama yake akaniangalia, mimi nikaangalia ukuta mweupe, tukakubali.

Jumanne, 27 Mei

Leo mchana mvua imerudi, za mwisho mwisho zile zenye upepo. Tulikuwa tumelala kitandani baada ya chakula, ananisimulia habari za mbuzi wa shangazi yake. Upepo ukaingia kwa chini, ukatuzunguka miguu, ukapanda. Akajikunja akajisogeza kwangu. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vya baridi kweli.

"Bibi, ziba pale. Baridi."

Nikamwambia hapana.

Akainua kichwa kunitazama. Tangu azaliwe, sijawahi kumwambia neno hilo. Peremende nilimpa, simu yangu nilimpa, hata meno yangu ya bandia aliomba kuyashika nikampa.

"Bibi, tafadhali. Kidogo tu. Tundu moja tu."

"Hapana, mjukuu wangu."

Nikamwongezea blanketi. Akalisukuma. Akageukia ukutani, amenuna, amenipa mgongo wake mdogo. Nilikuwa na nguo za kutosha mkononi kuziba nyumba nzima. Nililala pale nikiangalia mgongo ule ukipanda na kushuka, taratibu, bila filimbi, na nikamwacha anichukie.